Punda wa Katuni na Mbuzi wa Kuchumbia

Walikutana Kambu, mabasi ya Mombasa yakiwa yamesimama na kila mchuuzi akisukuma maembe yake dirishani. Kavata, mwenye studio ya picha huko Wote, alishuka kununua maji, sketi yake ya manjano ikipepea, akajigonga kwenye meza ya vinyago. Kimoja kikaanguka: punda mwenye kofia ya majani, yule wa katuni za zamani aliyewachekesha hata babu zetu.

"Ukimvunja punda wangu, unaolewa na mimi," mchongaji akasema. Jina lake Mwangangi.

Basi, mapenzi yakashika. Simu asubuhi, simu jioni, mwendwa huku, mwendwa kule, yaani mpenzi kwa Kikamba. Mwangangi akanunua mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba hupeleka kwa kina msichana kumchumbia. Kavata naye, kwa furaha, akatangaza punda wa mpenzi wake mtandaoni.

Kumbe alikuwa amejiletea balaa. Mawakili kutoka ng'ambo wakamwandikia kwamba punda huyo ana mwenyewe, uchongaji ukome au waende kortini. Kavata alimsomea Mwangangi ujumbe huo kwa simu. Mwangangi akakata, na tangu hapo simu yake ikawa mteja hapatikani. Wachuuzi wa Kambu wakasema amechoma vinyago, ameuza mbuzi na kurudi kwao Migwani. Ameuza mbuzi! Kavata alielewa vile Mkamba yeyote angeelewa, kwamba uchumba umekufa. Alilia mpaka mamake akaanza kumtajia vijana wa kwaya.

Mwaka mpya ulipoingia, alisikia redioni kwamba katuni kadhaa za kale zimemaliza miaka yake ya kulindwa kisheria, punda akiwemo. Hakuamini. Akawaandikia mawakili walewale, nao wakajibu kwa ufupi kwamba punda wa filamu ya kwanza, yule mwenye kofia ya majani, sasa ni wa kila mtu. Moyo ukamtulia. Akavaa sketi ileile akaenda Migwani, akamkuta Mwangangi sokoni akipima maharagwe, amekonda.

Akampa simu asome. Mwangangi akasoma, akarudia, halafu akaketi juu ya gunia.

"Kwa hivyo hawatakushtaki?"

"Mimi? Si wewe ndiye mchongaji?"

"Tangazo lilikuwa na jina lako, Kavata. Niliuza mbuzi nikulipie wakili, na nikazima simu wasijue tuko pamoja."

"Na mimi ungeniambia lini, wewe mwanaume?"

Mwangangi aliinamisha kichwa. Akasema aliogopa, na sasa hana hata mbuzi mmoja wa kupeleka. Kavata alikuwa na hasira ya miezi mingi, lakini alipoitafuta hakuiona. Alimwambia awashe simu ampigie mamake Kavata hapohapo, aseme mwenyewe.

Akapiga, jasho likimtoka. "Mama, ni Mwangangi. Nikija bila mbuzi, mtanifukuza?"



"Wewe kuja ule kwanza," mama akasema. "Huyu mtoto hajakula vizuri tangu unyamaze."