Wapagazi wa Chumba cha Cherehani

Mizigo ilikuwa chini tena.

Bi Mkasi aliiona alipoingia kuchukua uzi mweusi, asubuhi kweupe, madirisha wazi na jua limejaa chumba kizima. Juu ya meza kubwa, ambayo zamani ilikuwa meza yake ya kukatia nguo, wale watu wadogo wa mbao walikuwa wamesimama kwenye mstari wao kando ya reli ndogo aliyoijenga mumewe, kila mmoja na urefu wa kidole cha mwisho, na kila mmoja kigunia chake kiko chini, kando ya mguu. Jana jioni vigunia hivyo vilikuwa vichwani mwao. Alijua, kwa sababu mumewe alimwita aje avisifu, naye akaja akasifu kwa kuguna.

"Umegusa tena," mumewe alisema nyuma yake.

"Nimegusa nini?"

"Vitu vyangu."

"Vitu vyako viko chumbani kwangu, juu ya meza yangu. Siku nikitaka kuvigusa nitavigusa kwa fagio, na utajua."

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na si kwa ajili ya ushonaji peke yake. Mumewe walimwita Fundi Saa hata baada ya kibanda chake kufungwa, maana watu siku hizi husoma saa kwenye simu, na saa ya mkono ikifa huzikwa kwenye droo. Alirudi nyumbani na vibano vyake, kioo chake cha kubana jichoni, na mikono isiyojua kutulia. Ndipo aliposikia kwamba mji unaandaa maonyesho ya kukumbuka reli ya vita.

Reli hiyo ilikuwa nyembamba, ya kutandikwa haraka na kung'olewa haraka. Ilijengwa wakati wakubwa wa mbali walipokuja kupigana wao kwa wao kwenye ardhi isiyo yao, kwa migongo isiyo yao. Pale reli ilipoishia, watu walibeba. Vita vilipokwisha vyuma viling'olewa, likabaki tuta la udongo nje ya mji, mahali ambapo hakuna anayelima wala anayeuliza kwa nini.

"Babu yangu alikuwa bwana stesheni kwenye reli ile," Fundi Saa alipenda kusema. Alilisema harusini, alilisema msibani, aliwaambia hata wateja waliokuja kubadilisha betri tu na wana haraka zao. Basi akaapa kuijenga reli yote kwa udogo, babu asimame kwenye jukwaa la stesheni mbele ya wakubwa wa mji.

Na aliijenga vizuri, jambo lililomuudhi mkewe zaidi. Vyuma vya reli vilikuwa spoki za baiskeli. Mataruma ya kulalia vyuma yalikuwa njiti za kiberiti zilizopakwa oili chafu. Magurudumu ya mabehewa yalikuwa bobini za cherehani, zilizochukuliwa bila kuombwa. Kichwa cha treni kilikwenda kwa springi ya saa ya kengele, kikipita pole pole mbele ya wapagazi waliotwikwa vigunia vya kaki. Vigunia alivishona Bi Mkasi mwenyewe kutokana na vipande vya sare za shule, akilalamika kila mshono. Sasa alikuwa akishonea barazani, na mvua ikinyesha yeye na sare za watoto wa watu wanalowa pamoja.

Mchana ule Fundi Saa alirudi kutoka dukani na gundi ya viatu, ile kali. Akavigandisha vigunia vichwani kimoja kimoja.

"Sasa tuone nani atavitua," alisema.

Baada ya chakula akasinzia kwenye kiti chake kando ya meza, kama kawaida yake. Bi Mkasi alikuwa barazani akipinda ukosi wa shati aliposikia watu wakihema ndani. Si mtu mmoja. Walikuwa watu wengi wanaopanda mlima na mzigo, wanaohema kwa pua kwa sababu meno yamebanwa. Ikafuata harufu ya jasho la siku nyingi na ya ngozi mbichi, na chini yake harufu ya kidonda. Alidhani ni vibarua wamekosea nyumba. Aliinuka na mkasi mkononi, akaenda kuwatukana.

Chumbani hapakuwa na mtu ila mumewe, amelala, kidevu kimegusa kifua. Wale wa mezani walikuwa na vigunia vyao vichwani, gundi imeshika sawasawa. Ila hawakuwa wakiitazama reli tena. Wote, mstari mzima, walikuwa wamegeuka wakimtazama aliyelala.

"Mzee," Bi Mkasi alisema kwa sauti ya chini. "Amka. Amka utoke humu."

Fundi Saa aliamka. Alijaribu kuinua shingo, ikakataa, akaiinua kwa mikono yote miwili kama mtu anayeinua mtungi.

"Nimelala vibaya," alisema.

Tangu hapo akawa mtu wa kofia. Alikula na kofia, akalala na kofia. Alianza kutembea kwa kukunja magoti, na shati ambalo mkewe alimshonea kwa vipimo alivyovijua kuliko jina lake likaanza kumfika mapajani. Mwanamke aliyepima watu maisha yake yote hadanganyiki: mumewe alikuwa anafupishwa. Siku moja alimvamia akiwa anakunywa chai, akamvua ile kofia. Utosini nywele zilikuwa zimekwisha kwa duara, duara ya ngata ya kubebea mzigo, ngozi imechunika na inang'aa. Mabegani palikuwa na michirizi iliyovimba.

"Nani anakupiga?"

"Hakuna."

"Nakuuliza nani anakupiga, na wewe unakunywa chai?"

"Maonyesho yakipita itaisha," alisema Fundi Saa, huku macho yake yako chini. "Wacha babu asimame kwanza."

Bi Mkasi alikasirika. Alimkasirikia mumewe kwa ukaidi, akamkasirikia babu aliyekufa ambaye hakuwahi kumpa hata maji ya kunywa, na zaidi ya yote alikasirika kwa sababu alikuwa anaogopa kumpoteza mume huyu huyu mjinga, na alikuwa hana mwingine wala hakumtaka mwingine. Akaenda jikoni kukanda unga, maana unga hupokea ngumi bila kuuliza.

Alipotikisa chekeche, kitu kiligonga. Kilikuwa kimenasa pale waya unapokutana na mbao. Alikitoa kwa ukucha. Lilikuwa jino la mtu, gego, limelika kwa juu.

Alilibeba kiganjani mpaka chumbani.

"Mzee, chekeche langu ulilifanyia nini?"

Fundi Saa alilitazama jino, kisha akavitazama vigunia.

"Nilichekechea udongo," alisema mwishowe. "Nikaliosha."

"Udongo wa wapi?"

"Wa tutani. Kokoto za chini ya reli lazima ziwe zenyewe, mke wangu. Mtu anayejua akiangalia atatambua."

"Na vigunia nilivyokushonea ulivijaza nini?"

"Udongo ule ule."

Bi Mkasi alilitua jino mezani, mbele ya stesheni. "Tumekula humu," alisema. "Umewachekecha watu kwenye chekeche la unga, ukawatia kwenye magunia, ukawatwika wenyewe vichwani. Wakatua. Ukawagandisha kwa gundi ya viatu. Mtu mzima na mvi zako."

Alinyoosha mkono ang'oe kigunia cha kwanza. Kilikuwa kidogo kama punje ya harage. Hakikung'oka. Alikishika kwa vidole, kisha kwa koleo ya mumewe, kisha akaegemeza mguu kwenye meza na kuvuta kwa mgongo wote, na meza ikalia na koleo ikapinda na kigunia hakikusogea, kwa sababu kilikuwa na uzito wa gunia kamili la mtu mzima, gunia lililobebwa jua na mvua bila kuambiwa lini litatuliwa. Na kule nyuma yake, sikioni kabisa, wale watu wakaanza tena kuhema, karibu, karibu sana, mpaka nywele za shingoni mwake zikapeperuka kwa pumzi zao. Fundi Saa akaanguka magoti. Utosi wake ulikuwa umebonyea kama mto uliokaliwa.

Mganga aliitwa, akaja mchana huo huo. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, na hakubeba mkoba wala chupa. Alisimama mlangoni, akanusa, akakunja uso.

"Sikuja na ubani," alisema. "Hawa hawafukuzwi kwa moshi. Mnawafukuza waende wapi, na mizigo mmewagandisha nyinyi?"

"Wafanye wamwache mume wangu," alisema Bi Mkasi.

"Wanamwonyesha tu inavyokuwa." Mganga alichuchumaa mbele ya Fundi Saa, ambaye paji lake la uso lilikuwa karibu kugusa sakafu. "Baba, babu yako alikuwa nani kwenye reli hii?"

"Bwana stesheni."

Kitu kilitua juu yake. Hawakukiona, walikisikia: kishindo cha gunia na mlio wa mifupa ya shingo. Fundi Saa alilia kwa sauti ndogo.

"Nakuuliza tena. Babu yako alikuwa nani?"

"Bwana ste—"

Kishindo cha pili. Damu ikamtoka puani.

Bi Mkasi alijitupa chini kando yake, uso kwa uso. "Mzee, unisikilize," alinong'ona, na hasira yake yote ilikuwa ndani ya mnong'ono ule. "Mimi sikuolewa na babu yako. Sema kweli au nitakuwa mjane kwa ajili ya sanamu la mbao."

Fundi Saa alifumba macho. "Mnyapara," alisema. "Alikuwa mnyapara wa wapagazi. Baba alituambia tusiseme. Alikuwa na kiboko. Aliyeanguka na mzigo alizikwa pale pale tutani, na mzigo ukapewa wa nyuma yake."

Chumba kikatulia. Hata kuhema kulisimama, kama watu waliosikia jina lao likitajwa.

"Alikufa hajawaambia watue," alisema mganga. "Ndiyo maana hawajatua mpaka leo. Wewe ni damu yake. Waambie."

"Tueni," alisema Fundi Saa. "Tafadhali, ndugu zangu. Tueni."

Hakuna kilichosogea.

"Hawamjui anayewaomba," alisema mganga pole pole, na kwa mara ya kwanza alionekana hana raha. "Hakuna aliyewahi kuwaomba. Wanaijua sauti moja tu, ya mnyapara."

"Siwezi. Mimi si mtu wa namna hiyo."

"Iseme," alisema Bi Mkasi. "Iseme kama alivyoisema babu yako. Iseme uishi."

Fundi Saa akavuta pumzi. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu aliyepiga magoti wala ya mtu aliyewahi kutengeneza saa. Ilikuwa nene, haina haraka, imezoea kutiiwa, na ilipotoka vioo vya dirisha viliitikia.

"Tueni, mbwa nyie."

Vigunia vikaanguka mezani vyote kwa pamoja, kisha vishindo vikaanza chumbani, gunia baada ya gunia, halafu barazani, halafu njiani mbele ya nyumba ambako hapakuwa na mtu ila jua, halafu mtaa wa pili na wa tatu, vikienda vikirudi nyuma kwenye mstari usiokwisha, kuelekea nje ya mji, kuelekea tutani, mpaka vikawa kama mtu anayegonga mlango mbali sana, na mwisho kabisa ikaja pumzi moja ndefu ya watu wengi, na harufu ikaondoka. Bi Mkasi alikuwa analia bila kujua ameanza lini. Mumewe aliinua shingo yake mwenyewe, bila mikono.

Udongo waliurudisha wote siku ile, na jino, na wale watu wa mbao. Mganga alishika njia yake pale pale tutani. Kabla ya kuondoka alimvuta Bi Mkasi pembeni.

"Wapagazi wamekwenda," alisema. "Lakini sauti ile asiitumie tena. Hata kwa utani, mama. Unanielewa?"

"Hataitumia. Mume wangu ni mpole."

"Haya," alisema mganga, na hakumtazama.

Fundi Saa alipona haraka. Kovu la utosini lilikauka, mgongo ukanyooka, ukanyooka hata kuliko zamani, na lile shati likaanza kumbana kifuani. Bi Mkasi alirudisha cherehani ndani, akapangusa meza yake, akaimba. Siku nzima mumewe alikaa barazani akitazama wapita njia. Alipokuja mtu wa vitambaa na marobota yake, Bi Mkasi alimsikia mumewe akimwambia jambo kwa ufupi, na alipotoka akamkuta yule mtu amesimama juani, marobota kichwani, machozi yanamtoka, hathubutu kuyaweka chini.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asubiri."

Alimsaidia mtu yule kutua, akamwomba radhi, akarudi kwenye cherehani. Alijiambia atamsema jioni, atamsema mpaka ajute. Alikuwa amepinda mkono wa shati nusu pale mumewe alipokuja kusimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umetulia, umeshiba, na mikono ameiweka nyuma.

"Wewe," alisema, kwa sauti nene isiyo na haraka. "Inuka."

Bi Mkasi alifungua mdomo ampe jibu lake, lile jibu ambalo mtaa mzima uliliogopa. Halikutoka. Akaona cherehani iko chini yake, na shati linaning'inia kwenye sindano, na kiti kimeanguka nyuma; alikuwa amekwisha kuinuka, shingo ameikaza, tayari. Hasira ilimpanda hadi akaona giza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili akajaribu kuketi, akajaribu kwa nguvu zake zote, na magoti yakakataa kukunjika, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyaruhusu.