Vifuniko Viwili vya Shangazi Widad

Likizo ya mwezi wa sita Hayat aliamka mapema kuliko siku za shule. Alikunywa uji, akaosha kikombe chake, kisha akaondoka na Shangazi Widad, dada wa baba yake, kutoka nyumbani kwao Segerea hadi maabara alikofanya kazi shangazi huyo, karibu na Ubungo. Hayat alikuwa na miaka kumi na miwili. Huko alitakiwa kukaa kimya na kusoma kitabu, na siku nyingine aliruhusiwa kuchungulia kwenye hadubini.

Alichokiona humo hakikumtoka machoni. Katika giza palikuwa na yai la panya, dogo kuliko chembe ya chumvi, na ndani yake nyuzi za buluu zikiwaka taratibu kama zinazoelea majini. Shangazi alimweleza kuwa hizo ni kromosomu, zinazobeba maagizo ya kuumba panya mzima. Nyuzi hizo ni ndefu mno, hivyo hujisokota na kunasana. Ndipo kimeng'enya kimoja hufanya kazi ya ajabu: hukata uzi mmoja, hupitisha mwingine kwenye mwanya, halafu huunga palipokatwa pasibaki hata kovu. Kisipofanya hivyo, yai linapotaka kuzigawa nyuzi zake, zenyewe hung'ang'aniana.

Tangu hapo Hayat aliona nyuzi kila mahali: katika moshi wa ubani wa bibi yake, katika mawingu yaliyotanda upande wa Pugu, hata katika nywele zake alipokuwa akisukwa.

Jumatano moja Shangazi aliandaa visahani viwili vya mayai. Kimoja alikitia dawa ya kuzuia kimeng'enya, akachora alama nyekundu juu ya kifuniko chake. Kingine hakukitia dawa. Akaviweka kwenye kabati la joto, akamwambia Hayat asiliguse, kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Hayat alilitazama kabati lile. Ilimjia kwamba labda nyuzi zile huwaka hata bila hadubini, ila tu hakuna aliyewahi kutulia akazitazama. Akavitoa visahani, akavua vifuniko vyote viwili na kuviweka mezani, akainama. Aliona maji tu. Hata hivyo aliendelea kutazama, kama mtu anayeota macho wazi, mpaka aliposikia hatua ukumbini. Kifuniko chenye alama kilikuwa cha kisahani kipi? Hakukumbuka. Akafunika kwa kubahatisha, akavirudisha.

Alasiri Shangazi aliinamia hadubini yake muda mrefu. Kisha akamwita mkuu wa maabara, Daktari Kokushubila. Akamweleza kuwa mayai yaliyotiwa dawa yalikuwa yamegawa nyuzi vizuri, na katika yale mengine nyuzi zilikuwa zimenasana. Huenda yai lina njia nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wakakubaliana kwamba Ijumaa aieleze habari hiyo mbele ya watafiti wa vyuo vingine.

Njiani Shangazi aliimba kwa sauti ya chini. Nyumbani alimkumbatia bibi. Hayat hakuweza kula. Alijiambia kuwa labda alibahatisha sawa, na ugunduzi ule ni wa kweli. Lakini kila alipofumba macho aliziona nyuzi zile za buluu zimekazana, zisiachiane.

Alhamisi asubuhi alimkuta Shangazi mezani akiandika hotuba yake.

"Shangazi, jana nilivifungua vile visahani," alisema. "Nikachanganya vifuniko. Mie sijui kama nilivirudisha sawa."

Shangazi aliweka kalamu. Hayat alitamani agombezwe. Badala yake Shangazi alifunga daftari na kumwambia wanakwenda maabara, akaseme hayo mwenyewe kwa Daktari.

Daktari Kokushubila alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza jaribio lirudiwe. Safari hii Shangazi aliandika alama chini ya visahani vyenyewe, na Hayat akasubiri kwenye benchi la nje. Jioni waliitwa kutazama. Katika mayai yenye dawa nyuzi zilikuwa zimenasana. Katika mayai mengine zilikuwa zimetengana makundi mawili, zikiwaka kimya kimya. Ugunduzi haukuwepo.

Hayat alilia, akaomba radhi kwa kumwondolea shangazi yake furaha.

"Bora iondoke leo kuliko mbele ya watu," Shangazi alisema. "Na mie nilikosea. Alama haiandikwi kwenye kifuniko."

Daktari Kokushubila alivuta kiti, akaketi karibu na Hayat.

"Uligusa ulichokatazwa, kwa hiyo wiki hii hutaingia tena humu," alisema. "Lakini ungenyamaza, watu wangejenga kazi yao juu ya kosa lako kwa miaka mingi, wakihangaika bila kujua linalowakwamisha ni nini. Umesema mapema, tumepoteza siku moja. Ukikosea, mwanangu, sema siku ileile."