Mwanamke wa Ngazi ya Nyuma

Jua lilikuwa limeshazama nilipopokea zamu kutoka kwa shemeji yangu, fundi mitambo wa boti. Kazi yenyewe nyepesi kuisema: kukesha. Wapiga mbizi kumi na wanne wanalala vyumba vya chini. Mimi kila nusu saa nizunguke, ninuse, nisikilize, niguse betri za tochi zao zinazochajiwa sebuleni.

"Usisinzie, shem," aliniambia huku akipiga miayo. "Maji hayana huruma, na nahodha naye hana."

Saa saba usiku nikasikia nyayo.

Chap... chap... chap.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, amevaa suti ya kuzamia, nywele zinamchuruzika maji. Nikadhani ni abiria aliyekosa usingizi.

"Dada, saa hizi haturuhusu mtu kuingia majini."

"Siingii," akanong'ona. "Ndiyo kwanza natoka."

Alinuka plastiki iliyoungua.

"Wote wamelala?"

"Wamelala."

"Basi usiwaamshe, kaka. Mimi hawakuniamsha."

Harufu ikazidi... Haikuwa yake peke yake. Nikageuka. Moshi ulikuwa unatambaa chini ya mlango wa sebule.

Nikarukia kengele ya hatari. Mkono wa baridi ukanidaka kifundo cha mkono. Nikavuta. Ukavuta. Nikamwita Mungu wangu, nikaibamiza kengele kwa kiwiko.

Ikalia.

Abiria walitokea mlango wa dharura wakikohoa, wengine na chupi tu. Betri moja ilikuwa imelipuka. Shemeji akauzima moto. Tukawahesabu: kumi na wanne, wazima. Ngazini hapakuwa na mtu.

Nilipomsimulia nahodha, mzee yule asiyebabaishwa na dhoruba aliketi chini, pale pale kwenye sitaha.

"Alisema hawakumwamsha?"

"Ndiyo, nahodha."

"Boti ya kwanza niliyofanyia kazi nikiwa kijana... moto kama huu huu. Mlinzi wa zamu alikuwa amelala fofofo. Abiria wote walitoka, isipokuwa mwanamke mmoja." Akaitazama ngazi ya nyuma. "Mlinzi nilikuwa mimi."

Usiku uliofuata alininyang'anya zamu. "Leo nakesha mimi. Nenda kalale."

Sikulala. Niliwasikia juu yangu wakinong'ona, yeye na sauti ya kike, muda mrefu, kama watu wanaojuana. Kisha nyayo.

Safari hii za watu wawili.

Asubuhi nahodha hakuonekana. Tulimtafuta siku tatu, wapiga mbizi wenyewe wakishuka mpaka chini kabisa. Hata kiatu hatukupata.

Shemeji huniambia nisijilaumu. Nilikuwa usingizini, ningejuaje? Namwacha aamini hivyo.

Usiku ule, kabla ya nyayo, nahodha aliniita. Mara tatu, kwa jina langu, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Nikavuta shuka, nikajifunika uso.