Rejeta Moja, Wanunuzi Wawili

Duka la vipuri lilifurika watu, na rejeta ya aina fulani ya gari la kifahari la zamani ilikuwa imebaki moja tu. Mshonaji aliishika upande mmoja. Mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akaishika upande wa pili.

"Dada, mwambie fundi wako nimemtangulia," alitania.

"Fundi ni mimi."

Mwanamume akaiachia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, katumwa na kaka yake mwenye gari kama hilo. Akaomba namba ya simu badala ya rejeta, akapewa.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake mshonaji. Mama alichoka kuliona limelala uani. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. "Likitembea, litabaki," mama alisema. Basi kila jioni mshonaji alivua gauni lake la maua, akavaa ovaroli, akajitosa chini ya gari. Mwalimu hakukosa kupiga simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula vumbi! Lakini rejeta haivuji hata tone."

"Na shokomzoba za kumeza mashimo?"

"Za mbele zimekufa. Nati zimeshika kutu, ila zitanitambua."

Alhamisi ya wiki ya mwisho, alirudi kutoka kazini akakuta shokomzoba za mbele zimefungwa mpya. Mwalimu alikuwa amemtuma fundi, mama akamfungulia geti. Mshonaji akampigia mwalimu simu.

"Nani alikuomba?"

"Siku zimekwisha, nilitaka kukusaidia..."

"Baba alinishikisha spana kabla ya sindano. Nilitaka kulimaliza kwa mkono wangu. Kumbe huniamini!"

Akakata. Akainua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akazifungua zote mbili, akaanza kuzifunga upya mwenyewe.

Kesho yake mwalimu alikuja. Hakujitetea. Alilala chini kando yake na shati lake jeupe.

"Nimekosa, mpenzi. Nishike nini?"

Mshonaji akamshikisha spana. "Hapa. Usiachie."

Jumamosi mnunuzi alikuta gari linanguruma. Mama alilizunguka mara mbili, akafungua mlango wa nyuma, akaketi. "Nenda zako, baba," alimwambia mnunuzi. "Leo natembezwa."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Gari likayameza bila kugonga. Mwalimu, kiti cha mbele, akakohoa.

"Nikimleta mjomba wangu na posa, mtatupokea?"

Mshonaji hakutoa macho barabarani, ila tabasamu lilimponyoka.

"Mlete."

Kule nyuma, mama alijifanya amelala.