Mita Ilisema Arobaini

Kengele ya mkanda ilikuwa ikilia, na kiti kilikuwa kitupu.

Ndivyo alivyoeleza mwenye gari, mwalimu mmoja mpole, alipolileta gereji. Ukiwasha tu, ti, ti, ti, gari linamdai abiria wa mbele afunge mkanda, na abiria hayupo. Fundi umeme alimjibu kuwa hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Alijibu huku akipiga miayo. Wenzake walimwita Shoti, kwa kuwa alishapigwa na umeme mara nyingi kuliko wote, na siku hizo walimtania kwamba hata umeme ukimpiga hataamka. Nyumbani alikuwa na binti wa miezi mitatu aliyelia usiku kucha, akasinzia kidogo asubuhi, kisha akaanza upya. Shoti alimwita Bosi.

Alibadilisha kihisi kilicho chini ya kiti, kile kinachojua kama mtu amekaa. Kengele ikaendelea. Akachomoa betri, akapima nyaya za mawasiliano.

Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogondogo, kila moja kwenye boksi lake. Kuna boksi la injini, la breki, la milango, la mikanda. Yote yameunganishwa kwenye jozi moja ya nyaya zilizosokotwa kama nywele za msichana, na boksi moja likisema, yote husikia. Mawili yakianza kusema kwa pamoja, lenye namba ndogo huendelea, na lenye namba kubwa hunyamaza na kusubiri zamu yake. Kila mwisho wa nyaya hizo pana kizuizi kidogo, kimoja huku na kimoja kule. Ukipima vyote viwili kwa pamoja, mita husoma sitini. Fundi yeyote wa umeme analijua hilo hata akiwa usingizini.

Mita ilisema arobaini.

Arobaini maana yake vizuizi ni vitatu, kwa kuwa kila kimoja kikiongezeka namba hushuka. Shoti alifungua dashibodi, akang'oa mazulia, akafuata nyaya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma. Aliviona viwili. Alipoinama kutafuta cha tatu alisikia harufu ya waya ulioungua, na ndani ya harufu hiyo, harufu ya nywele zilizoungua. Kisha kengele ikalia mara moja. Betri ilikuwa bado chini, kwenye sakafu.

Alikaa juu ya tairi akaiangalia ile betri. Akajiambia kuwa ni uchovu.

Gereji ilikuwa na sheria moja, kwamba gari la mteja halibebi watu wako. Lakini siku iliyofuata ilikuwa siku ya kumpima mtoto uzito, kliniki ilikuwa mbali, mkewe alikuwa hoi, na gari lenyewe lilihitaji kujaribiwa barabarani. Akawachukua. Mkewe alikaa nyuma na mtoto. Kiti cha mbele kilibaki kitupu, na kengele ikalia njia nzima.

Kliniki, Bosi alikuwa na kilo tano na nusu. Muuguzi alisifu mapaja yake.

Wakati wa kurudi mtoto alianza kulia kwa nguvu. Kengele nayo ikalia. Mtoto akanyamaza. Kengele ilipokoma, mtoto akaanza tena. Kengele ikalia, mtoto akanyamaza. Mara tatu, mara nne, kisha mtoto akakaa kimya kabisa, macho wazi, akikitazama kiti cha mbele. Wazazi walicheka. Mama alikuwa hajacheka kwa wiki nzima. Aliegemea kiti, akafumba macho, akakiambia kile kiti kitupu kwa utani, "Asante, mlezi. Ungekuwa nyumbani kwetu, na sisi tungelala."

Kengele ikakoma.

Gereji, Shoti alipima tena. Sitini. Mwalimu alifika, akashukuru, akaondoka na gari lake likiwa kimya.

Usiku ule Bosi hakulia. Wazazi walilala kama magogo, na asubuhi waliamka wakitazamana kwa aibu, kama watu walioiba kitu. Usiku wa pili hakulia. Siku ya tatu mama aligundua kuwa mtoto halii hata akiwa na njaa, hata akilowa. Hufungua kinywa, hukunja uso, kisha mahali fulani ndani ya nyumba husikika ti, na kile kinywa hujifunga. Kwenye kiti cha plastiki karibu na meza palianza kunuka waya ulioungua. Nyumba ile ilikuwa na taa moja, na waya wake ulikuwa mzima.

Mtoto asiyelia husahaulika, na hata kunyonya huacha. Siku ya tisa mama alimrudisha kliniki. Kilo nne na nusu. Muuguzi alimpima homa, akamsikiliza kifua, hakuona ugonjwa. Alisema anyonyeshwe kila saa, na asipoongezeka kwa siku mbili alazwe. Hakuyasifu mapaja.

Mama alirudi nyumbani akamwambia mumewe kila kitu, pamoja na maneno aliyoyasema ndani ya gari. Alidhani atafokewa. Shoti alimwambia tu kwamba mita ilisema arobaini na yeye akaona uvivu kuamini.

Mtaa wa pili aliishi mwanamke mmoja, fundi cherehani, ambaye watu walimwendea kwa nguo mchana na kwa mambo mengine kwa mlango wa nyuma. Walimwita, akaja na utepe wake wa kupimia shingoni, akiwa na macho mekundu ya mtu mwenye sare za shule za kushona. Hakuwasha ubani wala udi. Alikitazama kile kiti, akakataa kukikalia, akauliza nani husema kwanza katika nyumba hiyo.

Shoti alijibu kwamba hapo awali aliyesema kwanza ni mtoto. Kisha, akionyesha kwa mikono, akamweleza habari za maboksi, jozi ya nyaya, na namba ndogo inayozinyamazisha kubwa. Yule fundi cherehani alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa amekuja mwenye namba ndogo kuliko mtoto," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na huko kwenye magari, boksi likikorofisha, mnalifanyaje?"

Shoti alisema mafundi hawalifanyi kitu, maboksi yenyewe ndiyo hulishughulikia. Moja likisema vibaya, yanayosikiliza hulikatiza papo hapo. Likikatizwa mara thelathini na mbili mfululizo, bila kuachwa limalize hata mara moja, hujitoa lenyewe mtandaoni.

"Basi unaijua dawa. Mimi sina ya kuzidi hiyo." Akakitazama tena kile kiti. "Na likishajitoa, halirudi?"

"Mengine hurudi. Yakisikia kimya kirefu."

Fundi cherehani alifunga utepe wake, akasema kazi ni yao wawili, kwa kuwa wao ndio waliomkaribisha.

Walianza siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Shoti alishika sufuria na mwiko. Mama alimshika mtoto kwa mkono mmoja na kwa mwingine kipande cha chaki, ili kila ti inayokatizwa aichoree mstari ukutani. Ya kwanza ilikuja upesi, Shoti akagonga, sauti ikakatika katikati. Ya pili vilevile. Baada ya ya kumi lile jambo likawa kama limeelewa, likaanza kuchelewa, dakika kumi, dakika ishirini, likiwangoja wachoke, na wao walikuwa wameanza wakiwa wamechoka. Joto la mchana liliwalemea, kope zikawa nzito, mwiko ukatulia juu ya goti, na harufu ya nywele zilizoungua ikaongezeka hadi wakawa wanapumua kwa mdomo, na kila walipotazama kile kiti kilikuwa kimesogea kidogo, si sana, upana wa kiganja tu, kila mara kuelekea kwa mtoto, ambaye hakukipepesea macho, na ambaye kifua chake chepesi kilipanda na kushuka juu ya mkono wa mama yake kama cha kifaranga, huku mama akijisemea moyoni asilale, asilale, asilale, mpaka neno lenyewe likawa bembelezo.

Alizinduka. Chaki ilikuwa imegusa ukuta. Mstari wa kumi na tisa ulikuwa pale, umepinda, mrefu kuliko mingine. Alimtazama mumewe. Kichwa cha Shoti kilikuwa kikiinuka kutoka kifuani.

"Tumefika ngapi?" Shoti aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama aliutazama tena mstari uliopinda. Hakukumbuka kuuchora. Hakukumbuka kusikia sufuria.

"Kumi na tisa," alisema.

Jua lilikuwa likishuka alipochora wa thelathini na mbili. Kiti kilikuwa kimefika magotini pake. Sauti ilikatika, harufu ikakatika nayo kana kwamba mtu amefunga mlango, na Bosi akafungua kinywa na kulia, kilio kirefu, kibichi, chenye hasira za siku tisa. Shoti aliangusha sufuria, akakaa sakafuni akicheka na kufuta machozi. Kabla mtoto hajamaliza kunyonya, yeye alishalala palepale.

Siku mbili baadaye, kliniki, mtoto alikuwa ameongezeka. Baada ya mwezi mapaja yalikuwa yamerudi. Siku hizi redio ya nyumba hiyo haizimwi, na mama haruhusu ukuta upakwe rangi. Majirani wanadhani ni uvivu. Mumewe hakuulizwa kitu na hakuambiwa kitu. Yeye mwenyewe hutazama ule mstari wa kumi na tisa akiwa ananyonyesha, huupima kwa macho, na hajui kama kweli ti ile ilikatizwa.

Juzi umeme ulikatika mchana, redio ikanyamaza. Bosi alikuwa akilia kwa njaa. Katikati ya kilio, kinywa kikiwa bado wazi, alinyamaza. Aligeuza macho taratibu kwenye kile kiti kitupu, akasubiri, kama anayempisha mkubwa wake aseme kwanza. Kisha akaendelea kulia.