Wekundu wa Kaneza

Namba ilipanda yenyewe. Rimoti ilikuwa mezani, vidole vya Ngassa vilikuwa vimeshika kikombe cha chai, na pale kwenye kioo cha TV wekundu ukatoka hamsini ukasogea hamsini na moja, taratibu, kama mtu anayeongeza chumvi huku ameangalia pembeni.

"Umebonyeza?" akauliza Kaneza, mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, shavu lake karibu na kioo.

"Mimi nina mikono mingapi?"

"Basi imejibonyeza."

"Inajua kazi kuliko wewe. Tulia, usitikise uso."

Wakacheka. Chekeni nao, maana kicheko kingine humu hakipo.

Ngassa alikuwa fundi wa video pale Nemba, na usibishe kama hujaona kazi yake. Harusi, sendofu, kipaimara, mazishi, vyote vilipita mikononi mwake. Aliediti kwenye kompyuta, akavuta waya mpaka kwenye TV kubwa ili awaone watu vizuri. Ila TV zina uongo wake. Bibi harusi mmoja wa Mbuba alitoka kijani kama ndizi mbichi, shangazi zake wakaja kuuliza kama ile ni video ya harusi au ya matanga. Siku hiyo Ngassa akaapa kupima rangi. Mafundi wa mjini wana vifaa vya kubandika kwenye kioo. Yeye alikuwa na Kaneza. Alimpiga picha mlangoni, akaifungua kwenye TV, akaziba madirisha kwa mablanketi ili jua lisimharibie hesabu, akamkalisha mkewe kando ya picha yake mwenyewe chini ya taa. Kisha rimoti: nyekundu ongeza, kijani punguza, bluu acha, mpaka shavu la kwenye kioo lifanane na shavu la kwenye kigoda.

"Bado kidogo," alikuwa akisema. "Bado kidogo. Hapo!"

Kutoka Ngara mpaka Biharamulo hapakuwa na jicho kama lake, na aliyesahau hilo alikumbushwa na Ngassa mwenyewe.

TV yenyewe aliinunua kambi ya wakimbizi ya Lukole, kwa mtu aliyekuwa anahama haraka, aliyeikabidhi ikiwa imegeuzwa uso ukutani. Ngassa hakuuliza kwa nini. Wenye jicho kali hawana muda wa kuuliza.

Wekundu ukafika hamsini na tano, ukafika sitini. Angeurudisha, lakini picha zilikuwa zimependeza mno. Midomo ya mabibi harusi ilikuwa inataka kutoka kwenye kioo, watu wakasifu, kichwa kikamvimba. Akauacha. Na kila namba ilipopanda, hata sauti ya TV ikiwa imezimwa kabisa, chumbani kulisikika kitu kama koo linalomeza. Kukawa na harufu pia, ya damu iliyokaukia kwenye manyoya ya kuku.

Kaneza akaanza kulalamika baridi jua likiwa la saa saba. Viganja vyake vikapauka kama muhogo uliovundikwa. Kituo cha afya walimpa vidonge vya kuongeza damu, vidonge vyenyewe vyekundu, na alipovimimina kiganjani vikageuka kijivu mbele ya macho yake. Akavitazama, akavirudisha kwenye kopo.

"Ngassa," alisema, "nikiwa mbali na hiyo TV nasikia kizunguzungu. Nikikaa karibu, napata nafuu kidogo. Ni kawaida hiyo?"

Fundi akamsogezea kigoda karibu na kioo.

Mama mkwe wake, Felisita, akaja kutoka Ngara kumwona bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mgonjwa yuko w..."

Hakumaliza. Kwenye kigoda alikaa mwanawe, amepauka kama aliyepakwa majivu. Kwenye TV alikuwepo mwanawe tena, amenona, mashavu yamejaa damu, midomo mibichi.

"Ile ni picha?" akanong'ona Felisita.

"Ni picha, mama. Niliipiga mwenyewe."

"Picha huwa zinapepesa macho?"

"Hazipepesi."

"Basi itazame."

Ngassa alitazama, na kabla hajafikiri mara mbili akaizima. Kaneza akaanguka kutoka kwenye kigoda kama gunia. Hakuhema. Mama mtu akapiga yowe, Ngassa akapapasa rimoti, akawasha, na kioo kilipopata mwanga tu, Kaneza akavuta pumzi moja ndefu. Tangu saa hiyo TV haikuzimwa tena. Umeme ulipotikisika kidogo, Ngassa alitikisika nao.

Akamwita mzee Malongo, mganga wa Kisukuma, anayesoma mambo ndani ya kuku. Mzee alikuja adhuhuri, na ndani ya mablanketi yale adhuhuri ilikuwa giza, mwanga ni wa TV tu. Akachinja kuku mbele ya TV. Damu iliyotoka ilikuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na kwenye kioo yule mwenye midomo mibichi akameza.

Malongo akafuta kisu polepole. "Lilikuwa jini lisilo na sura. Lingekaa humo miaka na miaka bila la kufanya. Wewe umekaa nalo siku zote hizi ukilifundisha kufanana na mkeo."

"Nilikuwa napima rangi tu, mzee."

"Umepima vizuri sana. Ndiyo shida yetu." Akasogea mlangoni. "Ulivyopandisha, shusha. Ifike rangi yake ya kweli, pale pale, kisha uifunge rangi isisogee tena. Ukikosea, atakayesimama si yeye."

Akatoka nje kunawa. Hakutaka kuona.

Ngassa akashusha. Alifika hamsini, pale alipoanzia, na uso wa kwenye kigoda ulikuwa bado majivu. Namba zilikuwa zimeacha kusema kweli siku nyingi. Ikabaki kazi ya jicho, lile jicho lililosifiwa wilaya mbili, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu alijaribu kuikumbuka rangi ya mkewe, ile ya siku walipoonana mara ya kwanza, ile ya asubuhi uani akiwa hajanawa uso, na kila alichokumbuka kilikuwa kimepitia kwenye kioo kile kile, kimeongezwa wekundu na yeye mwenyewe, mpaka Kaneza wa kweli hakuwepo popote kichwani mwake.

"Mama, alikuwaje?" akanong'ona. "Maji ya kunde?"

"Maji ya kunde ya wapi? Mweusi kama baba yake!"

"Mama, fikiri vizuri..."

"Mimi nimemzaa! Wewe unaniuliza nini?"

"Bado kidogo," ikasema sauti ya Kaneza.

Dhaifu, ya upole, ndani ya giza lile. Ngassa karibu alie kwa shukrani. Nani angeijua ngozi yake kuliko yeye mwenyewe? Akashusha.

"Bado kidogo. Bado. Hapo!"

Akafunga rangi.

Kaneza akasimama kutoka kwenye kigoda. Mashavu yalikuwa yamerudi, macho yanang'aa, viganja vina damu. Felisita akamrukia, akamkumbatia, akalia na kusifu jina la Yesu, na yule akamshika mama yake kwa mikono miwili, kwa nguvu.

Ngassa akageuka kwenye TV ili ashangilie kazi yake. Picha ilikuwa ya kijivu. Ilikuwa inapiga kioo kwa viganja, mdomo wazi kabisa, bila sauti, na macho yalikuwa yanamtazama yeye peke yake, macho aliyoyajua mara moja, hayakuhitaji kupimwa rangi.

"Mama," akasema yule nyuma yake, "niondolee hiyo TV machoni. Inakula umeme bure."

"Kweli, mwanangu, imetutesa vya kutosha!"

Ngassa akafungua mdomo. Lakini Felisita alikuwa mwepesi kwa furaha; aliuchomoa waya ukutani kwa mkono mmoja, bila hata kuangalia kioo, na mkono wa pili haujamwachia binti.

"Haya, twende jikoni," akasema, akijifuta machozi. "Utakula nini, Kaneza wangu?"

"Chochote, mama," ikasema sauti. "Nina njaa ya miaka."