Mshale Uliopanda Tambarare

Jua lilikuwa linazama fundi alipofunga boneti ya pikapu, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Thamostati nimeing'oa, Mwalimu. Haitachemka tena."

"Yaani mgonjwa ana homa, na dawa yako ni kumkata kichwa."

Fundi alicheka. Ndivyo walivyofanya mafundi wote pale. Kile kidude kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto kikianza matata, kinang'olewa, kinatupwa, maisha yanaendelea. Injini ya dizeli, ambayo hata ikiwa nzima hupata joto kwa kujivuta, baada ya hapo haipati moto tena.

"Sasa nisikilize. Mshale wa joto utalala robo. Ukipanda mlima na mzigo, utainuka. Ukishuka, utaanguka. Hiyo ni kawaida. Ila ukiinuka tambarare, na nyuma hujabeba kitu..."

"Nifanye nini?"

"Simama."

Mwalimu alisomesha fizikia. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba joto halitoki hewani. Pikapu ilikuwa ya marehemu mumewe, na ndiyo iliyombeba safari yake ya mwisho, ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo mjane mwenyewe alikuwa anazunguka tu, hapati moto. Hakulia. Watu walimsema. Jioni hii alikuwa anamfuata binti yake, aliyebaki kwa bibi tangu mazishi, na bibi alikuwa ameanza visingizio vya kutomrudisha.

Barabara ilikuwa tambarare. Mshale, robo. Alipopita njia panda ya makaburini, ukatikisika.

Ukaanza kupanda.

Akasimama. Akafungua boneti: maji yamejaa, feni inazunguka, mipira haivuji. Nyuma, bodi tupu. Lakini springi zilikuwa zimelala kabisa, kama siku ile... Na harufu. Mbao mbichi na vanishi.

Akangoja aogope. Hofu haikuja. Akarudi kwenye usukani, akaondoka. Mteremko ulipoanza, mshale ulipaswa kuanguka. Ukafika katikati.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hata salamu hakutoa.

"Umekuja na nani?" alinong'ona.

"Peke yangu, mama."

"Mbona gari limeinama?"

Mwalimu aligeuka, akazitazama springi.

"Mwache alale hapa, mwanangu," mama mkwe alisema. "Kila jioni alikuwa ananiuliza baba yake atakuja lini. Jana hakuuliza. Nikamwambia, vipi leo, mjukuu wangu? Akasema, 'Atakuja na mama.'"

Mtoto alikuwa ameshapanda garini, begi mapajani.

Kriii... Nyuma ya gari ikainuka taratibu, kama mtu ameshuka.

Mwalimu alishusha pumzi. Mapema mno.

Walipoanza kupanda mlima kurudi, mshale ukaanguka. Robo. Chini ya robo. Hadi mwisho wa baridi. Haiwezekani, alijiambia kwa sauti yake ya darasani; injini inayopandisha gari mlima haipoi. Labda kama haifanyi kazi.

Akatoa gia.

Gari likaendelea kupanda.

"Mama, usikanyage mafuta," mtoto alisema, uso wake kwenye kioo cha nyuma. "Baba anasukuma."

Juu, njia panda. Kulia nyumbani, kushoto makaburini. Akakata usukani kulia. Matairi yaligeuka kulia. Gari likaenda kushoto. Akakanyaga breki. Magurudumu yaliganda, yakaburuzwa kwenye changarawe, krrr... krrr... Geti la makaburi likatokea kwenye mwanga wa taa. Lilikuwa wazi.

"Tunafika," mtoto alisema, akitabasamu.

Ndipo kitu kilipomchoma Mwalimu kifuani. Cha kwanza tangu mazishi. Akatia rivasi, akakanyaga mafuta hadi chini. Injini ikanguruma. Mshale ukaamka: robo, nusu, nyekundu. Mvuke ukafunika kioo cha mbele.

"Huyu simtoi," alinong'ona. "Tangulia mwenyewe."

Pah! Injini ikafa.

Gari lilisimama. Kimya. Kisha, nyuma, taratibu...

Kriii.

Akambeba mtoto mgongoni, wakaenda nyumbani kwa miguu. Hakugeuka.

Asubuhi fundi alilivuta gari hadi gereji, akachungulia. Gasketi ilikuwa imeungua vibaya.

"Ulikuwa unavuta nini, Mwalimu?"

"Sikuwa navuta. Nilikuwa nakataa."

Safari hii fundi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi. Ilikuwa imezima usiku kucha, na ilikuwa ya moto. Akazungusha ufunguo, swichi tu, bila kuwasha. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia, kama wa gari lililobeba mzigo.

Mwalimu akageuka kumtafuta binti yake.

Alikuwa kwenye bodi, nyuma, amekaa pembeni kabisa. Amempisha mtu.